Majivu, Magadi na Malimau: Tusafishe Nyumba kwa Vitu Tulivyo Navyo

Mwezi hauishi kabla sabuni haijaisha. Kila anayeendesha nyumba anajua hivyo. Kuna sabuni ya kipande, sabuni ya unga, dawa ya choo, dawa ya madirisha, na ile ya kung'arisha sufuria. Jumlisha shilingi zote hizo kwa mwaka mzima na huenda ukapata karo ya mtoto mmoja. Ndiyo sababu vikundi vingi vya akina mama vinauliza kama inawezekana kutengeneza vitu hivi nyumbani. Inawezekana, na katika somo hili tutaona namna gani.

Lakini tuseme mapema, ndugu msomaji. Si kila kitu cha asili kinafaa kila kazi, wala si kila kitu cha asili hakidhuru. Kikundi kinachofundishwa ati limau linaua kila kijidudu kinafundishwa uongo, na uongo wa namna hiyo unaweza kuleta matanga nyumbani.

Kwanza tuelewe uchafu wenyewe. Kuna uchafu wa mafuta: sufuria iliyokaangiwa, kola ya shati, meza ya jikoni. Kuna uchafu wa kukauka na kushika: kutu, na ule ukoko mweupe ndani ya birika. Halafu kuna uchafu usioonekana, yaani vijidudu vya magonjwa. Kila mmoja una adui wake. Anayesugua ukoko wa birika kwa majivu anachosha mkono bure, na anayepaka limau kwenye mafuta ya nyama hafiki mbali.

Adui wa mafuta ni majivu. Nyanya zetu walisugua vyungu na sufuria kwa majivu, na huko Pwani watu waliyachovya kwa makumbi ya nazi. Majivu yanafanya kazi mbili. Punje zake zinakwangua, na ndani yake mna potashi ambayo ikikutana na maji huyashika mafuta na kuyalegeza. Ukisugua sufuria yenye mafuta kwa majivu na maji moto, utasikia mkono unateleza kama umeshika sabuni. Ni kweli umeshika sabuni kidogo, kwa maana potashi na mafuta vimeanza kuungana.

Lakini majivu si sawa yote. Ya mgunga na miti mingine migumu ni mazuri kuliko ya miti miepesi. Mazuri zaidi ni ya maganda ya ndizi, makapi ya maharagwe na magunzi ya mahindi, kwa sababu yana potashi nyingi. Wenzetu wa Magharibi hawahitaji kufundishwa hili. Kwa miaka mingi Waluhya wamechuja maji ya majivu ya namna hiyo, musherekha, ili kulainisha mboga za kienyeji. Majivu ya kuepuka ni ya mbao zilizopakwa rangi, ya plastiki, na ya takataka zilizochomwa pamoja na betri. Hayo yana sumu. Yasiingie jikoni kabisa.

Sasa tutengeneze maji ya majivu ya kusafishia. Chukua ndoo ya plastiki iliyozeeka, uitoboe matundu madogo chini. Tandika kokoto, juu yake nyasi kavu, halafu kitambaa. Chekecha majivu yaliyopoa (hakikisha hakuna kaa lenye moto, ndoo itayeyuka) na ujaze mpaka karibu na juu, ukishindilia kidogo tu. Iweke ndoo hiyo juu ya nyingine ya plastiki. Mimina maji ya mvua polepole, kikombe baada ya kikombe, usiwe na haraka. Yatakayochuruzika ya kwanza yana rangi ya chai ya rangi na ndiyo makali. Kama unataka kujua ukali wake, tumbukiza yai bichi ambalo si la zamani. Likielea na kuonyesha sehemu ya ukubwa wa sarafu ya shilingi, maji hayo ni makali sana na yataunguza ngozi.

Kwa kazi ya nyumbani huhitaji ukali huo. Changanya kikombe kimoja cha maji hayo na vikombe vitano vya maji ya kawaida. Hapo utafutia meza, utaoshea sakafu ya saruji yenye mafuta, utalowekea matambara ya jikoni na mifuko ya magunia. Vaa mifuko ya plastiki mikononi kama huna glovu, na usiinamie ndoo unapomimina. Usifulie nguo za sufi wala kitenge unachokipenda, vitaharibika.

Kuna jambo moja ambalo vikundi vingi hulisahau. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu, na maji ya majivu hula aluminiamu. Kusugua na kusuuza mara moja hakuna neno. Kuyaacha humo usiku kucha ni kuitoboa sufuria polepole, tena itageuka nyeusi. Yahifadhi kwenye plastiki ngumu au chungu.

Wengine huuliza kama maji haya yanaweza kuwa sabuni kamili. Ukiyachemsha na mafuta ya ng'ombe kwa saa nyingi utapata sabuni laini kama uji mzito, yenye kufulia vizuri. Sabuni ya kipande inayokauka huhitaji kostiki soda ya dukani, na hiyo ni kazi ya mizani na mwalimu. Haifai kukisiwa kwa vijiko.

Magadi ni ndugu wa majivu, na sisi Wakenya tumebarikiwa kuwa nayo tele kule Ziwa Magadi, Kajiado. Kazi yake kubwa, kwa maoni yetu, ni kwa wale wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, kama sehemu nyingi za Kitui. Mnajua taabu yake: unasugua sabuni nusu kipande na povu halitoki. Tia kijiko cha chai cha magadi yaliyosagwa kwenye karai la maji, koroga, ngoja dakika chache, ndipo utie sabuni. Magadi hushika ile chokaa iliyokuwa ikila sabuni yako. Akiba utaiona kwa macho kabla ya mwezi kwisha.

Vitu vichachu, yaani limau, ndimu na siki, vina kazi tofauti. Chemsha maji na limau lililokatwa ndani ya birika, na ukoko mweupe utaachia. Sufuria ya aluminiamu iliyotiwa weusi na magadi hurudisha rangi kwa njia hiyo hiyo. Kutu kwenye kisu hutoka kwa ndimu na chumvi. Siki kidogo katika maji hung'arisha kioo cha dirisha, ukipangusia gazeti. Msipake vitu hivi kwenye sakafu ya saruji, hata ile ya kanisa, maana vinaila.

Na hapa tuonye kuhusu mtindo ulioenea wa kuchanganya siki na magadi ili ati yawe na nguvu maradufu. Yanatoa povu la kufurahisha, kisha yanabaki karibu maji ya chumvi tu, kwa sababu kimoja kimemaliza nguvu ya mwenzake. Aliyeandika Mithali 25:20 alilijua jambo hili, kwani anataja siki juu ya magadi kama mfano wa kitu kisichopatana na kingine. Tumia kimoja, suuza, ndipo utumie cha pili.

Sasa tufike kwenye vijidudu. Kipindupindu kilirudi Kenya mwezi wa Oktoba 2022 na kikasambaa katika kaunti nyingi mwaka uliofuata. Nyumba yenye mgonjwa wa kuhara namna hiyo haisafishwi kwa limau wala majivu peke yake. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kama sabuni hakuna kabisa, majivu ni afadhali kuliko maji matupu. Choo cha shimo kinyunyiziwe majivu kupunguza nzi na harufu. Lakini sakafu, kitanda na mahali pa kukanyagia chooni panahitaji klorini. Soma chupa: ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, changanya kikombe kimoja na vikombe sita vya maji. Ondoa uchafu kwanza, paka, acha dakika kumi, suuza. Tengeneza mpya kila siku, kwa sababu nguvu yake hupungua. Maji hayo si ya kunywa.

Klorini usiichanganye kamwe na limau, siki wala dawa nyingine ya choo. Hutoka hewa ya sumu inayochoma mapafu, na chumba kidogo kisicho na dirisha ni hatari kupita kiasi. Mkojo nao ukikutana na klorini hutoa hewa mbaya, kwa hiyo msiimwage ndani ya shimo la choo.

Tumebakiza chupa. Chupa ya soda imeua na kulemaza watoto wengi kwa sababu ndani yake mlitiwa mafuta ya taa, klorini au kostiki. Mtoto mwenye kiu haulizi. Maji makali ya majivu nayo yana rangi ya chai, basi ni hatari vilevile. Tumia mkebe mzito usiofanana na kitu cha kunywa, andika jina kwa rangi, na uweke juu ambapo mtoto hafiki hata akipanda stuli.

Ikitokea mtoto amekunywa, msimtapishe. Kilichounguza koo kikishuka kitaunguza tena kikipanda, na mafuta ya taa yakirudi huingia mapafuni. Msimlazimishe maziwa wala mafuta. Mpanguse na kumsuuza mdomo kwa maji, kisha mkimbizeni hospitalini mara moja pamoja na ile chupa, ili daktari ajue alichokunywa. Ikiwa ni jicho, limwagieni maji safi mfululizo kwa dakika ishirini mkilishikilia wazi, hata akilia, ndipo muondoke.