SOMO LETU: KURA NI YETU, MFUKO NI WA NANI?

Ndugu wafanyakazi,

Siku ya uchaguzi, mfagiaji wa kiwanda na mwenye kiwanda hupanga mstari mmoja. Kila mtu ana kura moja. Hiyo ndiyo demokrasia, na wako watu waliokufa kwa ajili yake. Lakini kesho yake mfagiaji hurudi kwenye ufagio, na mwenye kiwanda huenda kuonana na waziri. Somo la leo ni juu ya siku hiyo ya pili.

Tuanze kwa jirani. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Wananchi walikuwa wamechagua bunge lao, na Patrice Lumumba akawa Waziri Mkuu. Tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Katanga ndiko kwenye shaba, na shaba ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Kibelgiji, Union Minière. Wazee wetu waliijua kampuni hiyo, maana tangu miaka ya 1920 ilichukua vijana wa Burundi na Rwanda kwenda kuichimbia.

Kampuni haikupiga kura. Lakini kodi yake iliilipa serikali ya Tshombe, haikuilipa serikali ya nchi nzima. Kwa fedha hizo Tshombe aliweza kulipa askari na mamluki. Lumumba aliondolewa madarakani, akapelekwa Katanga, akauawa huko tarehe 17 Januari 1961. Kujitenga kulikwisha Januari 1963, kwa nguvu ya majeshi ya Umoja wa Mataifa.

Tunajifunza nini? Anayeshika mfuko wa serikali anaweza kuishika serikali yenyewe.

Siku hizi tajiri hahitaji mamluki. Anazo njia tatu. Kwanza, hutisha: "Mkiniongezea kodi, nafunga, nahamia nchi nyingine." Pili, hugharimia uchaguzi. Huko Marekani, Mahakama Kuu iliamua Januari 2010 kwamba makampuni yanaweza kutumia fedha bila kikomo kumsifu au kumpinga mgombea, mradi yasimkabidhi mgombea mwenyewe. Tatu, hukaa karibu na wanaoandika sheria. Yeye ana mwanasheria na ana wakati. Wewe uko zamu.

Sasa tutazame kwetu. Mwaka 1988 kima cha chini cha mshahara kiliwekwa faranga 160 kwa siku katika miji ya Bujumbura na Gitega, na faranga 105 kwingineko. Tukapiga kura mwaka 1993, 2005, 2010, 2015 na 2020. Vyama vya wafanyakazi vikadai. Mwaka 2020 zile faranga 160 zilikuwa bado ni 160, hazinunui hata chupa ya soda. Katikati hapo, mwaka 2008, ilitoka sheria ya uwekezaji yenye nafuu za kodi kwa wenye mitaji. Sisemi uwekezaji ni mbaya. Kiwanda kikija, kazi inakuja. Nauliza tu: kwa nini haja ya mmoja ilipata sheria, na haja ya mwingine ikangoja zaidi ya miaka thelathini?

Na sisi wenyewe tujitazame. Mahali nilipofanya kazi zamani, mwajiri alitulipia basi na soda siku ya kuchagua wajumbe wa wafanyakazi. Tulifurahi sana. Mjumbe tuliyemchagua hakufungua mdomo mbele ya mwajiri hata siku moja. Na mimi nilikunywa soda ile.

Kwa hiyo, ndugu, ada ya chama si hela ya kupotea. Mkono mtupu haulambwi: chama kisicho na mfuko wake hakisikilizwi, au kitalishwa na mwajiri. Na mgombea akija na fulana na bia, msimuulize ametuletea nini. Muulizeni amelipiwa na nani.

Maswali ya kujadili katika tawi:

1. Nani alilipia mkutano wetu wa mwisho?
2. Ni wangapi kati yetu wamelipa ada mwezi huu?
3. Mbunge wetu anajua kima cha chini cha mshahara ni faranga ngapi? Nani ataenda kumwuliza, na lini?