Somo la 31. Posho ya Juma Zima

Katika mtaa wa Kadutu, mjini Bukavu, walikaa baba na mama na watoto wao watano. Baba alikuwa mwashi. Kila siku ya posho alipokea mshahara wa juma, akampa mama faranga 40 000 za chakula cha jioni na makala. Jioni ile ile walikula wali na nyama, wakashiba sana. Siku ya Mungu walikula samaki mkubwa. Lakini ilipofika siku ya tatu, mfuko ulikuwa mtupu. Tangu hapo walikula bugali na mchuzi wa chumvi tu.

Mtoto wao wa mwisho alikuwa na miaka 2, tena alikuwa ameachishwa ziwa. Miguu yake ikavimba. Nywele zake zikawa nyepesi na nyekundu-nyekundu. Hakutaka kucheza tena. Alikaa tu na kulia. Jirani mmoja akasema: «Mtoto huyu amelogwa.» Mama hakumsikiliza. Alimbeba mgongoni, akampeleka kwenye kituo cha afya.

Mwuguzi alibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole, shimo likabaki. Akasema: «Mama, mtoto ana bwaki. Hakulogwa na mtu. Bugali hujaza tumbo, lakini peke yake haujengi mwili. Mtoto anahitaji pia maharagi, samaki, karanga, mayai na mboga; tena kila siku, si siku mbili tu katika juma.» Mtoto akabaki pale, akatunzwa majuma matatu.

Jioni mama akamwambia baba: «Bwana wangu, pesa zetu ni chache, nasi tunazimaliza kwa siku mbili.»

Baba akajibu: «Mimi nabeba mawe juma zima. Nyama ile ndiyo furaha yangu.»

Mama akasema: «Najua. Lakini kwanza tuhesabu.»

Binti yao mkubwa, wa darasa la tano, akaleta daftari lake, akaandika:

Unga, kilo 10: faranga 15 000
Maharagi, kilo 4: faranga 10 000
Sambaza wakavu: faranga 5 000
Makala: faranga 5 000
Mafuta ya mawese: faranga 3 000
Chumvi na vitunguu: faranga 2 000
Jumla: faranga 40 000

Baba alitazama daftari kwa muda mrefu. Mwishoni akasema: «Basi, tujaribu.»

Tangu siku ile mama alifuata mambo manne.

La kwanza: alinunua vitu vya juma zima kwa mara moja, akaufunga unga katika mifuko saba. Kila jioni alifungua mfuko mmoja tu.

La pili: aliloweka maharagi majini usiku kucha. Kesho yake aliyamwaga maji yale, akapika kwa maji mapya. Maharagi yaliyolowekwa huiva upesi, na makala hayaishi haraka. Alipika ya jioni mbili. Yaliyobaki aliyafunika, akayachemsha tena asubuhi, na tena kabla ya kuyaandaa.

La tatu: aliwapika sambaza pamoja na vitunguu. Samaki hawa wadogo huliwa wazima pamoja na mifupa, nao husaidia mifupa yetu. Zamani hawakuwamo katika Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganika karibu na mwaka 1959, wakazaana sana.

La nne: watoto walilima kipande cha udongo nyuma ya nyumba, wakapanda lengalenga na mihogo. Lengalenga huota upesi, na huchumwa mara nyingi. Sombe hutaka kazi: majani ya muhogo yana sumu, kwa hiyo hutwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu.

Juma la kwanza lilikuwa gumu. Baba alikula maharagi bila kusema neno. Lakini siku ya tano, ambayo zamani ilikuwa siku ya chumvi tupu, wote walikula bugali, sambaza na lengalenga.

Miezi miwili ikapita. Siku moja ya posho baba alirudi kutoka kazini. Mtoto wa mwisho alisikia sauti yake, akatoka mbio, akamshika miguu mlangoni. Baba akamwinua, akaingia naye ndani, akauliza: «Leo tuna maharagi?»

Bei za sokoni hugeuka kila mara. Lakini nyumba inayohesabu kabla ya kununua hula siku zote saba.

Maneno

Bwaki: ugonjwa wa mtoto asiyepata chakula cha kujenga mwili.
Siku ya posho: Jumamosi. Posho ni chakula walichogawiwa wafanyakazi zamani.

Maswali

1. Kwa nini mfuko wa mama ulikuwa mtupu siku ya tatu?
2. Taja dalili tatu za bwaki.
3. Kilo moja ya maharagi ilikuwa faranga ngapi?
4. Kwa nini tunaloweka maharagi?
5. Andika vyakula vya jioni vya kwenu kwa siku saba. Siku zipi mnakosa chakula cha kujenga mwili?