Chanjo ya homa ya mafua kila mwaka: Ni ya nani?

 

Kila msimu wa Hijja unapokaribia, ndugu zetu wa Shinyanga, Kahama na Geita waliojaaliwa uwezo wa safari huanza kuulizana habari za chanjo. Ile ya homa ya uti wa mgongo haina mjadala, kwa sababu Saudi Arabia imeifanya sharti kwa kila haji, na ni lazima ichanjwe siku zisizopungua 10 kabla ya kufika. Mjadala unaanza kwenye chanjo ya pili, ya homa ya mafua, ambayo Wizara ya Afya ya nchi hiyo inawahimiza mahujaji kuipata, hasa wazee, wajawazito na wenye maradhi ya kudumu.

Hapo ndipo utasikia mengi. Mmoja atauliza, mafua nayo ni ugonjwa wa kuchanjia? Wa pili atasema, chanjo gani hiyo ya kurudiwa kila mwaka? Wa tatu ataapa kuwa ina nguruwe ndani yake. Na wa nne atafunga mjadala kwa kusema kuwa ajali ya mtu imekwisha andikwa, sindano haiongezi wala haipunguzi.

Maswali haya hayastahili kubezwa. Yanastahili kujibiwa moja baada ya jingine. Na tutakachokiona ni kwamba chanjo hii si ya kila mtu, lakini wapo watu katika nyumba zetu ambao kuwanyima, ilhali uwezo upo, ni uzembe.

Mafua na homa ya mafua

Kiswahili chetu cha mitaani kimeyachanganya maradhi mawili. Mafua ya kawaida ni yale ya pua kuchuruzika na kupiga chafya. Mtu anaendelea na shughuli zake, na baada ya siku chache yanaondoka. Hayo hayana chanjo.

Homa ya mafua, au influenza, husababishwa na kirusi kingine. Huanza ghafla. Asubuhi mtu mzima, jioni yuko kitandani na homa kali, kichwa, maumivu ya viungo vyote na kikohozi kikavu. Wengi hupona ndani ya wiki moja. Lakini kwa mzee, mjamzito, mtoto mchanga au mwenye mapafu mabovu, homa hii hufungua mlango wa nimonia, na nimonia ndiyo inayoua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kila mwaka watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani hufa kwa matatizo ya upumuaji yanayotokana na ugonjwa huu.

Kwetu kuna tatizo la ziada. Ukanda wa Ziwa una malaria nyingi, hivyo kila homa tunaiita malaria. Mtu anakunywa dawa bila kupima, asipopona anakwenda duka la dawa kununua amoksilini. Ieleweke kuwa dawa ya malaria haigusi kirusi cha homa ya mafua, na amoksilini nayo haikigusi. Mwenye homa apimwe kwanza, na mwenye kupumua kwa shida apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa nini kila mwaka?

Chanjo ya surua mtoto anaipata mara mbili na inamtosha. Ya homa ya mafua haiko hivyo, kwa sababu mbili. Kwanza, kirusi chake hubadilika sura mara kwa mara. Mwili uliojifunza kukitambua mwaka jana huweza kukipita mwaka huu bila kukifahamu. Pili, kinga yenyewe inayotokana na sindano hupungua kadiri miezi inavyopita.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa WHO hukutana mara mbili kwa mwaka. Mwezi Februari huchagua aina za virusi zitakazotiwa katika chanjo ya nchi za kaskazini mwa dunia, na Septemba za nchi za kusini. Siku hizi zinawekwa aina tatu. Mojawapo ni ya ukoo wa kile kirusi kilichoitwa mafua ya nguruwe mwaka 2009, ambacho hakikuondoka bali kimekuwa miongoni mwa virusi vya kila mwaka.

Sisi tulio karibu na ikweta hatuna majira ya baridi kali ya kusema ugonjwa huu utakuja mwezi fulani. Kwetu huzunguka mwaka mzima, mara unapanda, mara unashuka. Hivyo anayechanjwa aulize chanjo hiyo ni ya msimu gani na muda wake wa matumizi unakwisha lini. Kinga huchukua kiasi cha wiki mbili kujengeka. Haji anayechanjwa uwanja wa ndege amechelewa.

Nguvu yake na udhaifu wake

Uadilifu unataka tuseme pande zote mbili. Chanjo hii si ngome ya chuma. Mwaka ambao aina zilizochaguliwa zimelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza uwezekano wa kuugua kwa kiasi cha asilimia 40 hadi 60. Zisipolingana, hushuka chini ya hapo. Kwa hiyo mtu anaweza kuchanjwa na bado akaugua, ingawa mara nyingi aliyechanjwa haugui sana kama ambaye hakuchanjwa.

Je, sindano yenyewe inaleta homa ya mafua? Hapana. Virusi vilivyomo katika chanjo ya sindano vimeuawa, au ni vipande vyake tu. Kinachotokea ni mkono kuuma, na pengine uchovu na homa ndogo kwa siku moja au mbili.

Madhara makubwa yapo, lakini ni nadra. Mwaka 1976 Marekani iliwachanja watu wapatao milioni 45 kwa hofu ya mlipuko wa mafua ya nguruwe ambao haukutokea. Ikagundulika kuwa kiasi cha mtu mmoja wa ziada katika kila 100,000 alipata ugonjwa wa neva unaolegeza viungo, uitwao Guillain-Barré. Zoezi likasimamishwa. Tangu hapo chanjo hizi zinafuatiliwa kwa karibu, na hatari hiyo inakadiriwa kuwa mtu mmoja au wawili katika milioni. Aliyewahi kupata ugonjwa huo, au aliyewahi kudhurika vibaya na chanjo hii, amweleze daktari kabla ya kuchanjwa.

Tunalitaja hili kwa makusudi. Mwaka 2021 ilipoletwa chanjo ya UVIKO-19 nchini, watu wengi waliishia kuamini uvumi kwa kuwa hawakuona mtu wa kuwajibu kwa utulivu. Anayeambiwa ukweli wote hana haja ya kuutafuta vichochoroni.

Halali au haramu?

Tuje kwenye suala la nguruwe. Chanjo nyingi za homa ya mafua hutengenezwa kwa kukuza kirusi ndani ya mayai ya kuku. Jelatini ya nguruwe inapatikana katika chanjo ya kupulizwa puani, ambayo Uingereza huitumia kwa watoto. Waislamu wa huko walilalamika, na wazazi wasioitaka hupewa chanjo ya sindano isiyo na jelatini hiyo. Chanjo nyingi za sindano hazina kitu hicho kabisa. Mwenye shaka aombe karatasi ya maelezo asomewe viambato vyake. Hiyo ni haki yake.

Hata kwa zile zenye jelatini, wanachuoni wana kauli. Katika kongamano lililofanyika Kuwait mwaka 1995, wanachuoni na madaktari walisema kuwa jelatini iliyogeuka kabisa kutoka asili yake ni tohara na inafaa kutumika. Wapo wasiokubaliana na rai hiyo, na ndiyo maana ni vyema kwamba ipo sindano isiyo na utata.

Ama hoja ya kwamba ajali imekwisha andikwa, hiyo ni kweli, lakini imewekwa mahali pasipo pake. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, akaamua kurudi Madina. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kwa maana ya kwamba anaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah. Naye Mtume (s.a.w.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kisha ategemee. Na Sheikh Ibn Baz alipoulizwa juu ya kujichanja kabla ya kuugua, alijuzisha, akitumia hadithi ya mwenye kula tende saba za ajwa asubuhi kwa ajili ya kujikinga. Kujikinga hakupingani na kutawakali.

Tukiwa kwenye machimbo

Mpaka hapa tumesema yale yanayomhusu Muislamu popote. Sasa tuitazame ardhi yetu yenyewe, kuanzia Kakola mpaka Nyarugusu na Rwamagasa. Huku kuna maelfu ya vijana wanaoshuka kwenye maduara na wengine wanaosaga mawe kwenye makarasha. Mawe yenye dhahabu yana silika, na vumbi lake likiingia kifuani halitoki. Hukwaruza mapafu polepole na kumfungulia mtu mlango wa kifua kikuu. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2015 kutoka machimbo madogo ya kaskazini magharibi mwa Tanzania vilionyesha kuwa vumbi la silika chini ya duara lilizidi mara 300 kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya usalama kazini ya Marekani.

Mapafu ya namna hiyo yakipigwa na homa ya mafua yana pa kushikia? Na namna tunavyoishi machimboni inasaidia kirusi kusambaa, watu wengi kibanda kimoja, wageni wakiingia na kutoka kila siku. Historia inatufundisha. Mwaka 1918 homa hii ilipoingia Kimberley, Afrika Kusini, iliwakuta wachimbaji wa almasi wamefungiwa kwenye kambi zilizobanana. Zaidi ya wafanyakazi 2,000 wa migodi hiyo walikufa ndani ya wiki chache.

Je, ina maana kila mchimbaji akimbilie chanjo hii? Hapa panataka busara. Chanjo ya homa ya mafua haimo katika ratiba ya chanjo za kawaida za taifa. Haipatikani kwenye zahanati ya kijiji. Hutafutwa katika hospitali na kliniki binafsi za miji mikubwa, kwa fedha ya mtu mwenyewe, na nauli juu yake. Kijana mzima anayekohoa miezi miwili kisha akaifikiria chanjo hii ameanza na la mwisho. La kwanza kwake ni kupima kifua kikuu, kipimo na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali. La pili ni kumwagia maji mawe kabla ya kusaga, na kuacha kudhani kitambaa alichofunga usoni kinazuia vumbi. Akishafanya hayo, chanjo ni nyongeza njema kwa mwenye uwezo.

Nani atangulie?

WHO katika mwongozo wake wa mwaka 2022 imewataja wa kutangulizwa: wahudumu wa afya, wazee, wajawazito, na wenye maradhi ya kudumu kama pumu, moyo, kisukari, figo na VVU. Kwetu tusiwasahau wenye selimundu, ambao ni wengi katika mikoa hii ya Ziwa. Mjamzito akichanjwa humkinga pia mtoto atakayezaliwa, ambaye hawezi kuchanjwa mpaka atimize miezi 6.

Basi chukulia baba wa familia mwenye fedha ya sindano moja tu. Yeye ana miaka 35 na hana ugonjwa. Ndani yupo mama yake mzee mwenye ugonjwa wa moyo. Haki ya sindano ile ni ya mama. Na mzee anayekwenda Hijja, mahali ambapo mwaka 2024 walikusanyika watu zaidi ya milioni 1.8, asiambiwe kuwa fedha hakuna ilhali zimepatikana za zawadi za kurudi nazo.

Tahadhari moja ya mwisho. Chanjo hii hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Anayeitembeza kwenye mkoba mnadani au machimboni anauza maji, au anauza hatari. Ichanjwe hospitalini na kuandikwa kwenye kadi.

Vikundi vya Hijja vingeweza kuagiza chanjo za mahujaji wao kwa pamoja mapema, badala ya kila mzee kuhangaika peke yake. Na maimamu wa misikiti ya machimboni wangeweza kumwalika daktari baada ya swala ya Ijumaa aeleze vumbi, kifua kikuu na chanjo hii. Mwili ni amana, na tutaulizwa tulivyoutumia.

Wallahu a'lam.