Skeiti Kimihurura: Jifunze Kusimama Kabla ya Kukimbia

Kimihurura ni mtaa wa miteremko jijini Kigali. Mlima wake wa barabara ya mawe uliwatoa jasho waendesha baiskeli wa Mashindano ya Dunia ya Septemba 2025, na mteremko wa aina hiyo unaweza kumkimbiza anayejifunza skeiti hadi katikati ya magari. Ndiyo maana majibu haya yanakaa zaidi kwenye namna ya kusimama.

Skeiti hizi ni viatu gani hasa?
Ni viatu virefu vinavyoshika kifundo cha mguu, vyenye magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja chini ya unyayo. Kwa kawaida kisigino cha kulia kina kipande cha mpira, yaani breki. Ukinunua za mtumba, hakikisha mpira huo upo na haujalika. Wapo wanaoung'oa wakidhani unazuia mwendo, lakini anayeanza auache.

Ninaruhusiwa kujifunzia barabarani?
Barabara yenye magari si mahali pa kujifunzia. Katika Car Free Day, iliyoanzishwa na Jiji la Kigali mwaka 2016, barabara kadhaa hufungiwa magari Jumapili asubuhi na kila mtu hushiriki bila malipo; fuatilia tangazo la Jiji ujue ni zipi. Siku hiyo kuna watoto na wazee wengi, hivyo mpishe anayetembea kwa miguu. Masomo ya kwanza yafanyie kwenye saruji tambarare, kwa ruhusa ya mwenye eneo.

Nianzeje?
Simama kwanza kwenye nyasi, ambako magurudumu hayakimbii. Visigino vikaribiane, vidole vya miguu vielekee nje, kunja magoti, weka mikono mbele, kisha piga hatua fupi fupi kama bata. Usiegemee nyuma, kwani ndivyo watu wanavyoangukia mgongo.

Nitasimamaje?
Tanguliza mguu wenye breki nusu hatua, kunja magoti, inua vidole vya mguu huo mpaka mpira uguse chini, kisha kandamiza taratibu. Chora mstari kwa chaki na urudie mpaka uweze kusimama juu yake kila mara. Kabla ya hapo usiguse mteremko wowote, hata ule unaoonekana mdogo. Mvua ikinyesha, vua skeiti: lami yenye maji haishiki.

Nikianguka je?
Utaanguka, kila anayejifunza huanguka. Shukia magoti, kisha viwiko, viganja viwe vya mwisho, na vidole viinuliwe. Vaa vikinga vya sehemu hizo zote tatu, pamoja na helmeti.

Nasikia helmeti ya abiria wa pikipiki inatosha. Ni kweli?
Wazo hilo linaeleweka, kwa kuwa helmeti hizo zimejaa Kigali. Lakini ni nzito kwa shingo na hupunguza usikivu. Ya baiskeli, iliyofungwa vizuri chini ya kidevu, inafaa zaidi.

Na kushika gari linalopanda mlima?
Tafadhali usifanye hivyo, na mzazi amkataze mwanawe. Dereva hakuoni, na akifunga breki ghafla huna pa kukwepea.

Ajali ikitokea?
Aliyeumia kichwa au shingo asinyanyuliwe wala kukalishwa. Piga 912 kuita ambulansi, au 113 kwa ajali ya barabarani.