Mgeni, Mkopo na Jembe

Wazee wa Ugogo wana neno lililo zito kwao: kuhemea. Katika njaa ya Mtunya, miaka ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wadachi na Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nayo kukosekana, watu wengi wa pande hizi za Dodoma waliacha nyumba zao wakaenda kutafuta chakula kwa wengine. Lakini aendaye kuhemea haendi kukaa alishwe. Huenda na mbuzi wake, au kama hana mbuzi, huenda na mikono yake.

Karibu miaka 100 baadaye, habari ya chakula cha mgeni ikarudi kwa sura nyingine. Mwezi Februari 2018 Serikali ya Tanzania ilijitoa katika mpango wa Umoja wa Mataifa uliotaka wakimbizi wapewe nafasi ya kufanya kazi na kuchangamana na wenyeji. Sababu zilizotajwa ni mbili: usalama wa nchi na ukosefu wa fedha. Benki ya Dunia ilikuwa tayari kusaidia, lakini sehemu ya fedha zake ilikuwa mkopo. Je, ni haki mwenyeji maskini akope ili amtunze mgeni aliye mzigo wa mataifa yote? Swali hilo ni la haki kabisa, wala tusimwite asiye na huruma yule anayeliuliza.

Hofu ya usalama nayo si ya kubuni. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda robo milioni hivi walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 tu, wakatua Benaco, wilayani Ngara. Pamoja na akina mama na watoto waliingia pia watu wenye damu mikononi, nao wakataka kuwatawala wenzao humo kambini. Desemba 1996 Serikali iliwataka wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha.

Hata hivyo twamwomba msomaji akumbuke mfano wa zamani zaidi. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Serikali ilitoa pori, Umoja wa Mataifa ukatoa fedha, na shirika la Wakristo likasimamia kazi. Kila jamaa ilipata shamba. Baada ya mavuno kadhaa mgao wa chakula ulikoma, na watu wale wakawa wanauza mazao na kulipa kodi. Hatusemi kwamba walikuwa malaika. Chama cha Palipehutu kilizaliwa huko huko Mishamo mwaka 1980. Lakini mwenye shamba hujulikana jina lake, jirani yake na njia yake. Mwaka 2010 maombi ya uraia ya watu 162,000 hivi yalikubaliwa, na tangu 2014 wakaanza kupokea hati zao.

Papa Pius XII, katika waraka wake Exsul Familia wa mwaka 1952, aliiweka Familia ya Nazareti iliyokimbilia Misri kuwa mfano wa kila jamaa ya wakimbizi. Injili haisemi ni nani aliyewalisha huko. Lakini Yosefu alikuwa seremala, na seremala aliyeruhusiwa kushika randa halishwi muda mrefu.

Mkimbizi wa Nyarugusu au Nduta hakupewa shamba, wala hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali. Chakula chake kilitegemea sadaka ya nchi za mbali, na mwaka 2023, sadaka hiyo ilipopungua, mgao ulishushwa hadi nusu ya kipimo. Baba mwenye watoto watano afanyeje? Alitoka usiku kutafuta kibarua au kuni katika mashamba ya wenyeji, kwa siri, pasipo mtu kujua jina lake wala alikotoka. Na akikamatwa, habari yake haikuandikwa kuwa ni ya njaa, bali ya usalama.