Kila Kundi na Mlango Lililoingilia

Somo la familia: Yeremia 29:4-7

Baada ya ibada, tukinywa chai, maneno haya husikika: "Waitaliano walifika hapa maskini, leo wana vyeo. Wamoroko wana maduka yao. Sisi tuna nini?" Mara nyingi vijana wetu wanasikiliza. Tujifunze basi jinsi kila kundi lilivyofika Ubelgiji, ili tupimane kwa haki.

1. Waitaliano: waliitwa
Baada ya Vita Kuu ya Pili, migodi ya makaa ya mawe ilikosa watu. Juni 1946 Ubelgiji ilipatana na Italia: Italia itume wafanyakazi 50,000, nayo iuziwe makaa. Wengi waliwekwa katika mabanda yaliyokuwa ya wafungwa wa vita. Tarehe 8 Agosti 1956, moto katika mgodi wa Bois du Cazier, Marcinelle, uliua watu 262. Waitaliano walikuwa 136. Lakini mwaka 1957 Italia ilikuwa kati ya nchi sita zilizoanzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, na hatua kwa hatua raia wake wakapata haki ya kuishi na kufanya kazi hapa bila vikwazo. Elio Di Rupo, mtoto wa wahamiaji hao, alikuwa Waziri Mkuu mwaka 2011.

2. Wamoroko na Waturuki: waliitwa, kisha kazi ikaisha
Mikataba yao ni ya 1964. Walifanya kazi migodini, viwandani na katika ujenzi. Mwaka 1974 serikali ilisimamisha kuita wafanyakazi wa nje, na viwanda vikaendelea kufungwa. Mgodi wa mwisho wa makaa ulifungwa 1992. Baba aliyeitwa kwa ajili ya nguvu za mikono yake alibaki bila kazi, na watoto wakakulia katika mitaa ambayo kazi ilikuwa imeihama.

3. Sisi: hatukuitwa
Ubelgiji ilitawala Kongo, Rwanda na Burundi, lakini haikufanya nasi mkataba wa wafanyakazi kama hiyo. Waliokuja baada ya uhuru wengi walikuwa wanafunzi waliotarajiwa kurudi nyumbani. Walikutana karibu na Maison Africaine, Ixelles, na hapo Matonge ikakua. Kuanzia miaka ya 1990 vita vilileta familia nzima. Uchunguzi wa Fondation Roi Baudouin wa 2017 ulionyesha kwamba asilimia 60 hivi ya wenye asili ya nchi zetu tatu wana elimu ya juu, ila ukosefu wa kazi kwao unazidi sana wastani wa nchi.

Basi tatizo letu si uvivu, wala si ukosefu wa shule. Mlango tulioingilia haukuwa na mwajiri aliyetusubiri.

4. Tufanye nini?
Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa wajenge, wapande, na wautakie mema mji waliomo. Kwetu, kujenga huanza na makaratasi. Sisi tunaofanya kazi hospitalini tunawaona wauguzi wenye diploma za Bukavu au Bujumbura wakisafisha sakafu miaka mingi. Dada, kaka, peleka diploma yako ilinganishwe mapema, kwa upande wa Kifaransa au wa Kiflemi. Mzazi, shule ikitaka kumhamishia mtoto masomo ya ufundi, uliza sababu kabla ya kutia sahihi. Ufundi ni mzuri ukichaguliwa, si ukisukumiwa.

Njia ipo. Pierre Kompany, mzaliwa wa Bukavu, alifika hapa 1975. Mwaka 2018 alichaguliwa kuwa meya wa Ganshoren.

Maswali ya nyumbani
- Familia yetu iliingia kwa mlango gani? Wazee wawasimulie watoto.
- Nani kati yetu ana diploma iliyolala kabatini?
- Ni jirani gani Mmoroko au Mwitaliano tunayeweza kumwuliza habari za babu yake?