Maneno ya Kiingereza: Jamaa na Marafiki wa Uongo



Wengi wetu katika madarasa ya juu tunaogopa maneno magumu ya Kiingereza. Tunaandika ishirini katika kaye siku moja, na kisha juma moja yote yamekwisha kupotea. Juu ya nini? Kwa sababu tumeyaokota moja moja, bila kujua jamaa yao.

1. Jamaa wa Kifaransa. Mwaka 1066 watu wa Normandie waliishinda Uingereza, na kwa miaka mingi wakubwa wa kule walisema Kifaransa. Mchungaji aliita ng'ombe «cow», lakini nyama yake ikaitwa «beef», kutoka «bœuf». Sisi watu wa Maniema tunafahamu mambo hayo: wafanyabiashara waliofika Kasongo katika karne ya 19 walileta Kiswahili chenye maneno ya Kiarabu, kama kitabu na elimu. Basi, anayejua «liberté» na «nécessaire» amekwisha kushika «liberty» na «necessary».

2. Marafiki wa uongo. Lakini tujihadhari! «Assister au culte» ni kuhudhuria ibada. «Assist» ya Kiingereza ni kusaidia. Kuhudhuria ni «attend». «Actuellement» ni wakati huu. «Actually» ni kwa kweli. «Librairie» ni duka la vitabu. «Library» ni nyumba ya kusoma na kuazima vitabu. Kwa mtihani wa serikali, neno moja la namna hii linaweza kumpeleka mtu kwenye jibu la uongo, hata kama amefahamu mengine yote.

3. Watoto wa neno. Kiswahili kina soma, somo, msomaji, somesha. Kiingereza vile vile: «decide», «decision», «decisive», «undecided». Ukipata moja, tafuta ndugu zake.

4. Kazi ya kila siku. Tuchukue maneno 5 tu. Kila neno tulitie katika sentensi ya maisha yetu: soko, mto, shamba la mpunga. Kesho yake tufunike kaye na kujiuliza. Turudie kisha siku 3, tena kisha siku 7. Asiye na kamusi aulize mwalimu, hapana kubahatisha. Na jioni tusemezane wawili wawili, hata kama wengine wanacheka.

Tukumbuke fundisho la 1 Wakorinto 14:19: maneno machache yenye kufahamika yana faida kupita maelfu yasiyofahamika.

Zoezi: andika sentensi moja kwa «assist» na moja kwa «attend», kisha mwenzako asahihishe.